Miguu inayotoka jasho kupita kiasi: shabu, dawa ya usiku, mashine ya umeme au sindano?

Mwenye miguu ya jasho akienda duka la dawa na kuomba "dawa ya miguu", mara nyingi hurudi nyumbani na krimu ya fangasi. Isipomsaidia, anapewa poda. Poda nayo ikishindwa, anaambiwa abadilishe viatu. Kila kimoja kina kazi yake, lakini hajaulizwa swali linalopaswa kutangulia: kinachokusumbua ni maji, ni harufu, au ni ngozi inayowasha? Hayo ni matatizo matatu yenye tiba tatu, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Hapa ninalinganisha zaidi tiba za maji, yaani jasho lenyewe, kwa sababu ndilo linalowafungulia mlango hayo mengine mawili, na kwa sababu watu wengi huishi nalo tangu shule ya msingi mpaka uzee bila kuambiwa kwamba linatibika.

Kwanza ujue una nini

Nyayo zina tezi za jasho nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili: mamia katika kila sentimita moja ya mraba. Tezi za nyayo na za viganja hazingoji joto. Huamka kwa hofu, kwa haraka, kwa mtihani, kwa usaili wa kazi, hata kwa wazo tu kwamba hivi punde utavua viatu mlangoni kwa wenyeji au msikitini. Ndiyo maana mtu hulowa soksi hata akiwa Njombe au Limuru asubuhi ya mwezi wa saba, wenzake wakitetemeka kwa baridi. Tezi zake ni za kawaida kabisa. Kinachozidi ni amri zinazoletwa na mishipa ya fahamu kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Kwa hiyo si uchafu, wala mtu hawezi kujikaza akaliacha.

Madaktari huliita haipahidrosisi. Lile la asili, lisilosababishwa na ugonjwa mwingine, lina alama zinazotambulika. Huanza utotoni au ujanani, kwa kawaida kabla ya miaka 25. Miguu yote miwili hulowa sawasawa, mara nyingi pamoja na viganja. Ukilala hukoma. Na ukiuliza vizuri katika ukoo utampata shangazi au babu aliyekuwa nalo. Ikiwa limekaa nawe zaidi ya miezi 6 na alama hizo unazo, yaliyo hapa chini yanakuhusu.

Jasho lililoanza ghafla ukubwani ni habari nyingine, hasa likilowesha mwili mzima au shuka usiku, ukawa unapungua uzito, unakohoa, una homa au moyo unakwenda mbio. Kifua kikuu, kisukari, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi na baadhi ya dawa, zikiwemo za sonona, huleta jasho la namna hiyo. Hapo usianze na miguu, anza na vipimo.

Tuje kwenye harufu. Jasho la miguu likitoka halinuki. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolivunjavunja pamoja na ngozi iliyolainika, wakatengeneza asidi ya isovaleriki, ambayo ndiyo ile harufu ya jibini kali. Ukigeuza unyayo ukaona vishimo vidogo vidogo kisiginoni na chini ya vidole, ngozi imekuwa nyeupe na harufu ni ya kutisha, hiyo ni kazi ya bakteria, na inahitaji dawa ya bakteria ya kupaka anayoandika daktari. Fangasi wao hupenda kukaa kati ya vidole, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake. Huwasha, ngozi hubanduka na kupasuka. Hao ndio wa krimu za fangasi kama klotrimazo au tabinafini. Vyote viwili vitarudi baada ya kutibiwa endapo miguu itaendelea kulowa.

Vya nyumbani: shabu imeshinda chai, na ndimu isiguswe

Shabu ni lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wa zamani hulipitisha shavuni kuzuia damu baada ya wembe. Linapatikana kwa wauza dawa za asili na viungo, kuanzia Darajani hadi Kariakoo, kwa bei ndogo. Watu hulidharau kwa sababu ni la mababu, lakini kikemia ni salfeti ya alumini na potasiamu, kwa hiyo ni ndugu wa dawa ya hospitali nitakayoieleza baadaye. Osha miguu, kausha, lowesha jiwe kidogo, pitisha unyayo mzima na kati ya vidole, kisha acha pakauke kabla ya kulala. Kwa jasho la wastani linaweza kutosha. Kwa mtu anayeacha alama za maji sakafuni kila anapokanyaga, halitatosha.

Majani ya chai nyeusi yana tanini, ambayo hukaza ngozi. Unachemsha majani mengi kuliko ya kunywa, unaacha maji yapoe, unaloweka miguu dakika 20 hadi 30 kila siku kwa takriban wiki moja, kisha unapunguza hadi mara chache kwa wiki. Husaidia kiasi. Tatizo ni muda, na kwamba nyayo hubaki na rangi ya chai. Nikipewa kuchagua kati ya viwili hivi, nachukua shabu bila kusita: kazi ya dakika mbili utaifanya kila usiku, ya nusu saa utaichoka.

Soda ya kuokea na poda hazipunguzi jasho hata tone moja. Hunyonya lililokwisha kutoka na kutuliza harufu, basi. Zina faida zikinyunyizwa kidogo ndani ya viatu usiku na kukung'utwa asubuhi. Ukijaza poda kwenye soksi ya mtu anayelowa sana, saa nne asubuhi ni tope.

Ndimu niiseme wazi, maana inashauriwa sana mitandaoni. Usiipake. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, hutokea mwako wenye malengelenge na madoa meusi yanayochukua wiki au miezi kufutika. Mtu anayepaka ndimu asubuhi na kutoka na kandambili anajitafutia kidonda.

Mwenye kisukari asiloweke miguu kabisa, iwe kwenye chai, chumvi au siki. Huenda asihisi maji ya moto, na ngozi iliyolowa sana hupasuka. Yeye aoshe haraka, akaushe, na kila siku akague nyayo zake kwa kioo.

Dawa ya usiku: kloridi ya alumini

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mwenye tatizo hili jambo moja tu, ningemwambia hili. Kloridi ya alumini ya nguvu ya asilimia 20, iliyoyeyushwa katika spiriti, ndiyo tiba ya kwanza ambayo madaktari wa ngozi huanza nayo, na watu wengi hawajawahi kuisikia. Huuzwa katika chupa yenye gololi mdomoni au ya kupuliza. Duka dogo la mtaani huenda lisiwe nayo, lakini mfamasia wa duka kubwa anaweza kuiagiza.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Chumvi ya alumini huingia kwenye tundu la jasho, ikakutana na maji, ikaganda na kuwa kizibo. Jasho likikosa njia, tezi hupunguza kutoa. Ngozi inapojifanya upya kizibo hutoka, kwa hiyo dawa lazima irudiwe.

Makosa yanayoiharibia jina ni mawili. La kwanza ni kuipaka asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Wakati huo jasho linatiririka, dawa inasukumwa nje. Ipakwe usiku, kwa sababu ukilala tezi zinapumzika. La pili ni kuipaka kwenye ngozi yenye majimaji, mara tu baada ya kuoga. Ikikutana na maji mengi juu ya ngozi huzalisha asidi, na hapo mtu analia kwamba dawa imemuunguza. Kausha kwa taulo, halafu kaa mbele ya feni au acha miguu wazi mpaka iwe mikavu kweli, kati ya vidole pia. Paka, acha ikauke, lala. Alfajiri unapoamka kutawadha au kuoga, ioshe. Imeshafanya kazi yake kwa saa zote za usiku.

Rudia kila usiku mpaka uone mabadiliko. Ngozi ya unyayo ni nene, kwa hiyo usiipe siku tatu ukakata tamaa kwa sababu kwapa la mwenzako lilikauka haraka. Mambo yakitulia, mara moja au mbili kwa wiki hutosha kwa wengi. Ikiwasha, ruka usiku mmoja au miwili, na krimu nyepesi ya hidrokotizoni ya asilimia 1 hutuliza. Usiipake juu ya mipasuko au fangasi wabichi. Tibu hao kwanza.

Watu huuliza kama diodoranti ya kwapa haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo. Inategemea ni ipi. Zipo zinazofunika harufu tu, na zipo zinazozuia jasho, na dukani zote hukaa rafu moja. Geuza chupa usome viambato: ukiona neno alumini, hiyo inazuia jasho, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko ile ya asilimia 20. Kwa anayetaka kujaribu usiku huu huu kwa alichonacho nyumbani, si mbaya.

Viatu na soksi huamua nusu ya mchezo

Hakuna dawa itakayoshinda kiatu cha plastiki kilichofungwa kwa saa kumi. Kwa mguu wa jasho, kiatu bora ni kilicho wazi na ambacho unyayo hukanyaga ngozi halisi: makubazi ya ngozi ya Pwani. Katambuga za matairi, ambazo Kenya huitwa akala, zinapitisha hewa vizuri ila mpira chini ya unyayo uliolowa huteleza, hivyo zishonee soli ya ndani ya ngozi. Yeboyebo na sandali za plastiki zinaonekana wazi, lakini mguu huelea ndani yake na kuchubuka. Raba za turubai ni afadhali kuliko raba za ngozi ya bandia, maana turubai hupumua na hufuliwa.

Kwa wasio na hiari, yaani askari, walinzi, madereva wa bodaboda wakati wa masika, wauguzi na wanafunzi wa viatu vyeusi vya kufunga, kinachosaidia zaidi ni kuwa na jozi mbili na kuzipokezana. Kiatu kilicholowa leo hakiwi kikavu kesho asubuhi. Kipe angalau siku nzima, toa soli ya ndani, fungua ulimi, anika penye upepo. Jozi mbili za bei ya kati zitadumu na kunuka kidogo kuliko jozi moja ya bei kubwa. Kiatu cha mtumba cha ngozi halisi ni chaguo zuri sana, ila soli ya ndani ya mwenye nacho wa kwanza ing'olewe na kubadilishwa.

Kuhusu soksi, wengi wetu tumefundishwa pamba. Pamba ni nzuri kwa mtu wa kawaida, na kwa mwenye jasho ni nzuri ikiwa atabadilisha mchana. Hunyonya sana lakini haiachii, kwa hiyo baada ya saa chache unakuwa umevaa kitambaa kibichi. Kwa siku ndefu ndani ya buti, soksi nyembamba ya sufu au ya mchanganyiko wa sufu na nyuzi za kutengenezwa hufanya kazi vizuri zaidi. Sufu hubeba unyevu mwingi bila mguu kuhisi umelowa, na haishiki harufu upesi. Soksi za michezo za poliesta husukuma maji nje ila hubaki na harufu hata baada ya kufuliwa. Nailoni nyembamba za suti na stokingi ndizo mbaya kuliko zote. Za pamba zifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 kama mashine ipo, za sufu kwa maji ya vuguvugu ili zisinywee, na zote zianikwe zikiwa zimegeuzwa.

Mashine ya umeme au sindano?

Hapa ndipo pesa inapoanza kuuma. Ikiwa dawa ya usiku imetumiwa sawasawa kwa wiki kadhaa na bado unalowa, kuna njia mbili zinazolinganishwa sana.

Ya kwanza ni iontoforesisi. Unakaa na miguu ndani ya trei mbili zenye maji kidogo ya bomba, na mashine inapitisha umeme hafifu, kwa nyayo kwa kawaida miliampia 15 hadi 30, kwa dakika 20 hadi 30. Unahisi kuchomachoma, si maumivu. Mwanzoni ni mara 3 au 4 kwa wiki, mpaka miguu ikauke, kisha mara moja kwa wiki au hata kwa nafasi zaidi. Si jambo jipya: imejulikana tangu miaka ya 1930, na tangu 1968 madaktari wengi wamekuwa wakiitumia. Maji ya mvua au yaliyochujwa sana hupitisha umeme vibaya, ndiyo maana huongezwa soda ya kuokea kidogo. Mkwaruzo upakwe mafuta ya mgando kwanza. Haifai kwa mjamzito, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, mwenye vyuma mguuni baada ya kuvunjika, au mwenye kifafa. Na tafadhali, usitengeneze yako kwa chaja au betri ya gari kama video zinavyoonyesha. Mashine halisi ina kidhibiti kinachozuia umeme kupanda ghafla. Waya wa kujifungia hauna.

Ya pili ni sindano za Botox, ambazo huzuia asetilikolini isiifikie tezi. Marekani iliziidhinisha mwaka 2004 kwa jasho la kwapa. Kwa nyayo daktari huzitumia kwa uamuzi wake wa kitaalamu. Hufanya kazi, kwa wastani wa miezi 3 hadi 6. Lakini unyayo unahitaji kuchomwa sehemu nyingi, na ni miongoni mwa sehemu zinazouma sana kuchomwa, kiasi kwamba madaktari wengi hutia ganzi ya kifundo kwanza. Baada ya hapo dawa inaisha nguvu, unarudi tena, unalipa tena.

Uamuzi wangu kwa miguu ni mashine. Bei yake ni kubwa siku ya kununua, lakini inatumika miaka, na ndugu wawili wa nyumba moja wenye tatizo hilo, jambo la kawaida kwa kuwa hurithiwa, wanaweza kuitumia kwa zamu na maji mapya. Sindano zina mantiki zaidi kwa kwapa, au kwa mtu asiyeweza kupata nusu saa ya kutulia mara tatu kwa wiki.

Vidonge, na upasuaji

Vidonge kama oksibutinini na glaikopirolati huzuia asetilikolini mwili mzima. Vinafaa zaidi kwa anayetoka jasho sehemu nyingi kwa pamoja. Mdomo hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu, mkojo huwa mgumu kutoka, kwa hiyo mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba aviepuke. Nina hofu navyo kwa sababu ya jua letu. Jasho ndilo linalopoza mwili. Fundi ujenzi Dar es Salaam, kuli wa bandarini Mombasa, au kijana wetu aliyekwenda kufanya kazi za nje Muscat au Doha mwezi Julai, akinywa vidonge hivi anaweza kupatwa na joto la hatari mwili ukiwa hauna njia ya kujipoza. Vitumike kwa maelekezo ya daktari anayejua unafanya kazi wapi.

Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu siupendekezi. Ule wa kifuani hulenga mikono. Wa miguu hufanywa kiunoni, na kwa mwanaume unaweza kuharibu utoaji wa manii. Baada ya upasuaji wa namna hii wengine huanza kulowa mgongo au tumbo, na hilo halirudishwi nyuma.

Pa kuanzia

Mwenye jasho la wastani aanze na shabu na viatu vya wazi. Anayelowa sana aende moja kwa moja kwenye kloridi ya alumini. Anayehisi pia kuwashwa au kuona vishimo amwone mtaalamu wa ngozi kabla ya kupaka chochote, na si lazima awe profesa: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na wahitimu wake wako katika hospitali za mikoa. Ukienda kwa mtaalamu huyo, nenda na soksi ulizoshinda nazo, usibadilishe kwa aibu. Mweleze tatizo lilianza lini, kama usiku hukoma, na nani mwingine nyumbani analo.

Mtoto wa bweni ana mzigo mkubwa kuliko mtu mzima, kwa sababu hachagui viatu wala muda wa kuoga, na wenzake hawana huruma. Mzazi anaweza kumwandikia mwalimu mkuu au mlezi wa bweni akaomba mambo matatu ambayo hayaigharimu shule chochote: mtoto awe na jozi mbili za viatu, aruhusiwe kubadilisha soksi wakati wa chakula cha mchana, na avae sandali za ngozi baada ya masomo badala ya kushinda na viatu vya kufunga mpaka saa za kujisomea usiku. Dawa ya usiku kwa aliye chini ya miaka 12 ipitie kwa daktari. Wa sekondari anaweza kufundishwa kuipaka mwenyewe wakati wa likizo, akiwa nyumbani, ili arudi shuleni akiwa ameshaizoea.